Chakula Kipo, Mbona Hali?

Kuna aina moja ya mhusika ambaye sisi waandishi chipukizi, na wahakiki wetu pia, hatujui tumfanye nini. Ni yule anayeandaliwa chakula akakisukuma pembeni. Mhusika mwenye njaa kwa kuwa hana kitu tunamfahamu vizuri. Tumekua naye tangu darasani, na mwalimu akiuliza dhamira tunanyoosha mikono mbiombio: umaskini, unyonyaji, matabaka. Lakini huyu mwingine ana sahani mbele yake, ugali bado unafuka moshi, mama amesimama mlangoni anamtazama, na hali. Hapo kalamu hukwama. Tunamtafutia haraka sababu moja kati ya tatu: mapenzi, kiburi, au shetani kichwani. Akishapewa sababu yake hadithi inaondoka kwenda kwenye mambo mengine, na sahani inabaki palepale.

Katika kurasa hizi nataka kumtetea mhusika huyu. Sisemi kwamba afanyalo ni jema. Mtu anaweza kufa kwa hilo, na watu wanakufa. Ninachotetea ni kwamba anafikiri. Tena pengine anafikiri kuliko wote waliomo chumbani, ila fikra zake zimeingia uchochoro usio na pa kugeuzia. Mwandishi asiyeuona uchochoro huo atatuletea mtu mkaidi au atatuletea mwendawazimu, na hakuna kati ya hao wawili aliye wa kweli. Nitapitia vitabu viwili na barabara moja. Ndugu msomaji anivumilie nikikaa sana mahali pamoja na kupita mbio pengine.

Kitabu cha kwanza kimetoka Zimbabwe. Ni Nervous Conditions cha Tsitsi Dangarembga, kilichochapishwa mwaka 1988. Msimulizi ni Tambu, binti wa shamba anayechukuliwa na Babamukuru kwenda kusoma misheni. (Babamukuru ni baba mkubwa hasa, kwa maana na kwa sauti; Kishona na Kiswahili ni ndugu.) Huko Tambu analala chumba kimoja na Nyasha, binti wa Babamukuru, ambaye alikwenda Uingereza angali mdogo wazazi wake walipokuwa masomoni, akarudi Kishona kimempotea kinywani. Ni Rodizia ya walowezi bado. Nyasha anasoma mno na anauliza mno. Anabishana na baba yake, wanafikia hata kupigana. Mwishowe vita vyao vinahamia kwenye sahani. Baba anaamuru ale. Binti anakula yote kwa pupa, anaondoka mezani, anakwenda kujitapisha kwa mswaki.

Wahakiki wameandika mengi juu ya hapo. Wengi wanasema mwili wa Nyasha ni uwanja wa vita: ukoloni upande huu, mfumo dume upande ule, na binti katikati. Sikatai. Nami ningeulizwa kwenye mtihani ningejibu hivyo hivyo nikachukua maksi zangu. Lakini jibu hilo lina kasoro moja kubwa. Linamfanya Nyasha kuwa mfano wa kitu fulani, na mfano hauna haja ya kufikiri. Ukishasema mwili wake ni uwanja wa vita, huna tena sababu ya kuuliza alichokuwa akikiwaza saa tisa ya usiku.

Dangarembga aliuliza. Kuna mahali kuelekea mwisho wa kitabu, padogo sana, ambapo msomaji wa haraka atapapita. Nyasha amekonda, anasoma usiku kucha kwa ajili ya mitihani. Anamwamsha Tambu usiku wa manane ili amsaidie hesabu moja. Anasema hapati jibu, na anajua kwamba ilimpasa kulipata. Tambu anaitazama, si hesabu ngumu, kosa ni dogo la kutokuwa makini. Nyasha analiona, anajicheka, na anahitimisha kwamba tatizo ni kutokaza akili vya kutosha.

Hebu tusimame hapo. Mtu amechoka, hajala, hajalala, amekosa hesabu nyepesi. Wewe na mimi tungesema: dada, kula, lala, kesho utaipata. Yeye anaona dawa moja tu, kukaza zaidi. Na dawa hiyo ndiyo ileile anayoitumia kwenye chakula, kwenye masomo, kwenye ugomvi na baba yake. Njia ikishindikana haibadilishi, anaikanyaga kwa nguvu zaidi. Akili haijapotea hata kidogo, jamani. Imekaa kwenye reli moja. Dangarembga alisomea udaktari Cambridge kwa muda, kisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe, na nadhani ndiyo maana alijua kwamba ugonjwa huu hauonekani kwenye mbavu peke yake. Unaonekana kwenye daftari la hesabu.

Baada ya hapo yanakuja makubwa, usiku ule Nyasha anapochana kitabu cha historia kwa meno, na hilo ndilo wahakiki wanalolipenda kwa sababu lina kelele. Kwangu mimi ile hesabu inatisha zaidi.

Halafu wanampeleka mjini kwa daktari wa magonjwa ya akili, Mzungu. Anawaambia kwamba binti hawezi kuwa mgonjwa wa namna ile, Waafrika hawaugui hivyo. Anajifanyisha, wamrudishe nyumbani wawe wakali naye. Bahati akapatikana daktari mwingine, Mwafrika, akalazwa akapewa dawa. Yule wa kwanza hakusema tu kwamba Nyasha si mgonjwa. Alisema kwamba Nyasha amechagua, na anayechagua vibaya hurekebishwa kwa ukali. Ajabu ni kwamba daktari huyo na wajomba zetu wenye kushika fimbo wamekubaliana neno kwa neno.

Kiswahili chetu kina ujanja wake katika jambo hili. Tunasema hali, kwa maana ya jinsi mtu alivyo: hali yake mbaya, hujambo, hali gani. Tena tunasema hali, kwa maana ya kwamba haweki kitu mdomoni. Herufi zilezile, sauti ileile. Kama siku moja mtu atakifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili, na ninaomba afanye, jina lake la Kiingereza, lenye maana ya hali ya mishipa ya fahamu kusimama, litampa neno hilo bure, na utani wake mchungu utakuwemo ndani.

Kabla sijatoka kwa Dangarembga, kuna mwanamke mwingine ndani ya kitabu hicho ambaye naye anaacha kula, na wahakiki humsahau. Ni mama yake Tambu. Anaposikia kwamba binti yake anakwenda kwenye shule ya masista wa Kizungu anaanza kupungua, hali, halimi, hajitazami. Hakuna daktari. Anakuja mdogo wake, Lucia, anampeleka mtoni akaoge, anakaa naye pamoja na wanawake wengine, anampikia, na mama anarudi polepole. Mwandishi amewaweka wawili hawa karibu, mama na Nyasha, na hakusema neno. Mama alijiachia akashikwa na watu. Nyasha amejishikilia mwenyewe, na watu hawapati pa kumshika. Ndiyo maana mto haukumtosha.

Sasa wataalamu wanasema nini kuhusu reli hiyo moja? Nitaeleza kwa kifupi, maana hili si jarida la tiba, lakini mwandishi anayetaka kumwandika mtu wa namna hii afadhali ajue.

Liko jaribio la karata. Unapewa karata zenye maumbo, rangi na idadi tofauti, uzipange. Huambiwi kanuni, kila mara unaambiwa tu umepata au umekosa. Ukishagundua kwamba kanuni ni rangi, anayekujaribu anaibadilisha kimyakimya ikawa umbo. Wengi wetu tutakosea mara mbili tatu, tutashtuka, tutageuka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la watafiti wa London, mmoja wao Kate Tchanturia, limeonyesha kwamba wengi wenye anoreksia, yaani ule ugonjwa wa kujinyima chakula hadi mwili kuisha, huchelewa kugeuka. Wanaendelea kuishika kanuni iliyokwisha kufa. Aidha huona vipande vidogo kwa ukali wa ajabu, lakini picha nzima inawaponyoka. Mzee wa bao wa pale Gongoni angeelewa mara moja. Anawajua wachezaji wanaohesabu kete za shimo moja bila kukosea huku upande mzima unaliwa.

Kilichonifurahisha ni tiba waliyoitunga. Haizungumzii chakula wala uzito. Mgonjwa na mtaalamu wanakaa na mafumbo, picha, michezo midogo ya kubadili kanuni, kisha wanaulizana: hapa umefikiri vipi? Kungekuwa na njia nyingine? Haiponyi yenyewe, inasaidizana na tiba nyingine. Lakini tazama heshima iliyomo: mtu anaulizwa anavyofikiri, haulizwi kwa nini ni mkaidi.

Na njaa yenyewe ina mkono wake. Mwaka 1944 hadi 1945, kule Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwashindisha njaa nusu vijana wanaume 36, wenye afya njema, waliojitolea kwa kuwa walikataa kupigana vitani. Miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakaanza kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, kulamba sahani, kuota chakula, kukaa na kikombe kimoja saa nzima. Walisema hawawezi tena kukaza fikra. Walipopimwa akili, vipimo havikuonyesha kwamba akili imepungua. Akili ilikuwepo, chakula kimeijaza hadi mlangoni. Hao hawakuwa na baba mkali wala ukoloni wala picha za warembo. Walikuwa na njaa tu, na njaa ikaanza kuwafikiria. Kwa hiyo mwandishi anayetafuta sababu moja ya mwanzo, mapenzi yalivunjika, akaacha kula, ajue kwamba baada ya miezi sababu ile ya mwanzo inaweza kuwa imekwisha kufa na mtu bado hali. Kilichoanza kama uamuzi sasa kinaamua chenyewe.

Jambo la mwisho la wataalamu ndilo lililoniondolea usingizi. Mwaka 2012 watafiti wa New York walichapisha jaribio la pesa: uchukue kidogo sasa, au ungoje upate zaidi baadaye? Wenye anoreksia walielekea kungoja kuliko watu wasio wagonjwa. Walikuwa na subira zaidi.

Subira! Hapo Mswahili lazima ashtuke. Ni fadhila gani tunayoisifu kuliko hiyo? Kila khanga ya tatu sokoni inaisifu. Msichana anayesema sitaki, nitangoja, wale wengine kwanza, ndiye tunayemwita mwenye adabu. Basi ugonjwa huu kwetu hauingii na sura ya ugonjwa, unaingia na sura ya tabia njema. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wasichana 668 wa sekondari nchini Ghana. 10 kati yao miili yao ilikuwa imeisha kwa kujinyima chakula. Hawakuzungumzia unene wala urembo. Walizungumzia kufunga, dini, kuitawala nafsi, na waliona fahari. Hapa Tanzania nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wanawake ulikuta matatizo ya ulaji yapo, na ukayahusisha zaidi na mambo ya Magharibi, filamu na picha. Yote mawili yanawezekana. Ila mwandishi wetu akisikia neno hili anakimbilia picha za warembo, kwa sababu ni rahisi kuzilaumu, na ile njia ya fadhila inabaki bila kuandikwa.

Turudi nyumbani sasa, barabarani. Swali nililoliweka juu ya makala hii halikuzaliwa kwenye sebule za leo. Liliulizwa zamani kwenye njia iliyopita hapa kwetu.

Kwihara ni kilomita chache tu kutoka Tabora mjini. Tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 limejengwa upya likawa makumbusho; wanafunzi hupelekwa, wanaambiwa Stanley alifika hapa, wanapiga picha, wanarudi kula. Kisichosimuliwa sana ni kile ambacho mzee huyo alikwisha kuandika kwenye shajara yake akiwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kabla hajafika Kwihara. Aliona watu waliokuwa huru, wakakamatwa, wakafungwa minyororo, nao wakafa bila ugonjwa wowote alioujua. Walipoulizwa waligusa kifua. Aliuita ugonjwa wa kuvunjika moyo. Na waliowafunga, anasema, walistaajabu, kwa kuwa mateka hao walikuwa na chakula cha kutosha.

Chakula si kipo? Basi mbona wanakufa?

Sisemi mateka wale walikuwa na anoreksia. Ingekuwa upuuzi, na hata matusi. Hata hakuandika kwamba waligoma kula. Ninachokisikia ni mshangao wa aliyeshika mnyororo, maana ndio mshangao ninaousikia sebuleni: kila kitu tumekupa, umepungukiwa nini? Anayeuliza hivyo amekwisha kuamua kwamba tumbo likijazwa hakuna kilichobaki cha kuuliza.

Wapagazi nao walihukumiwa, ila kwa kosa la kinyume. Mpagazi Mnyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, mara nyingine akipewa nguo abadilishe mwenyewe kwa chakula vijijini. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na Mgunda Mkali, nyika ya siku kadhaa isiyo na chakula wala maji ya uhakika. Wasafiri wa Kizungu, na Burton aliyefika Kazeh, yaani Tabora hii hii, Novemba 1857, ni mmoja wao, walilalamika kwamba mpagazi hana akili ya kesho: akipewa posho ya siku nyingi anaimaliza kwa siku chache. Mtoto mkubwa, walisema.

Fikiria wewe. Chakula kilichomo tumboni hakibebwi kichwani juu ya mzigo wa mwenzio. Hakiibiwi usiku. Hakinyeshewi. Na kesho kiongozi wa msafara anaweza kukata posho, au wewe ukatoroka, au ukafa. Aliyekula leo alipiga hesabu, na ilikuwa hesabu sahihi kwa barabara ile. Kosa la mwenye shajara ni kudhani kwamba hesabu isiyofanana na yake si hesabu.

Ndipo ninapowaona watu wawili wamesimama pamoja, mpagazi na Nyasha. Mmoja kaambiwa hafikiri kwa sababu hakungoja. Mwingine kaambiwa hafikiri kwa sababu anangoja milele. Aliyeandika hukumu zote mbili alikuwa ameshiba.

Kitabu cha pili kinatoka kwenye barabara hiyohiyo. Ni Paradise cha Abdulrazak Gurnah, cha mwaka 1994, ambacho baada ya Nobel ya 2021 kilipata Kiswahili chake mwaka 2022, Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Gurnah amepita kwenye nyayo za masimulizi ya misafara ya Waswahili wenyewe, kama ile safari ya Selemani bin Mwenye Chande iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Ndani yake mna mji wa bara uitwao Tayari, na mimi kila niusomapo naiona Tabora, hata miembe.

Watu wakikizungumzia kitabu hiki hubishana juu ya ukurasa wa mwisho. Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, amesafiri hadi bara na kurudi, sasa amejificha wakati askari wa Wajerumani wanakusanya watu kwa nguvu. Wanaondoka. Ghafla yeye anatazama nyuma, anakimbia kuwafuata. Basi! Kitabu kimekwisha. Ni usaliti? Ni uhuru? Ni kubadili bwana kwa bwana? Nimekaa kwenye mabishano hayo zaidi ya mara moja, na kila upande unazungumza kana kwamba Yusuf alikuwa na usiku mzima wa kutafakari.

Nashauri tuanze upande mwingine, mdomoni. Yusuf anaingia kitabuni akiwa na njaa. Ni mtoto wa miaka 12, nyumbani hakuna kitu, mama yake anamtania kwamba ale wadudu wanaotoboa mbao. Tajiri Aziz akija, chakula kinapikwa, na mtoto anajifunza kuufurahia ujio wa mtu atakayemchukua. Somo hilo halimtoki kamwe: shibe ina mwenyewe. Sasa nenda mwisho. Kinachomgeuza Yusuf si hotuba, si bendera. Ni mbwa. Askari wameacha kinyesi chini ya mti, mbwa wanakila kwa pupa, na kijana anatazama akajijua. Amemtambua mla mavi alipomwona. Baada ya hapo anasikia nyuma yake kama mlango unafungwa, naye anatimua mbio.

Uamuzi ule umetoka tumboni, si kichwani, na umechukua kitabu kizima kupika. Gurnah hakuuonyesha kama hoja kwa sababu haukuwa hoja. Ulikuwa kinyaa. Yusuf hakuchagua Wajerumani. Alichagua kutokula tena kile alichokuwa akilishwa, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja, tena mbaya. Hapo ndipo anapokutana na Nyasha, ambaye baada ya kushindwa kuukataa ukoloni na kumkataa baba, alibaki na kitu kimoja anachoweza kukikataa mara tatu kwa siku. Kwa wote wawili kukataa ni kwa kweli, na njia waliyoishika inawaangamiza. Mhakiki anayetaka kuchagua moja kati ya hayo mawili atakosa kitabu.

Nirudi kwa hadithi zetu. Nimesoma miswada ya wenzangu, ya mashine na ya mkono, na karibu yote yenye msichana asiyekula inasimuliwa na msichana mwenyewe. Nafsi ya kwanza, machozi mengi, na ukurasa wa mwisho hotuba ya nesi. Tatizo ni kwamba aliyemo ndani ya uchochoro haoni uchochoro; anaona ukuta safi na mstari ulionyooka. Akisimulia mwenyewe kwa ukweli, atakusimulia ushindi. Dangarembga alilijua hilo, akamweka msimulizi kwenye kitanda cha jirani. Tambu anaona mswaki, anaona daftari, anaona mifupa, na nusu ya anachokiona hakielewi. Tunapoteza kitu, kweli: hatuingii kamwe kichwani mwa Nyasha, na kuna siku ninamlaumu mwandishi kwa hilo. Lakini kitanda cha jirani ndipo tulipo wengi wetu.

Mimi nililala kitanda hicho. Ilikuwa shule moja ya bweni, siitaji. Mwenzetu alianza kwa kufunga sunna, Jumatatu na Alhamisi, na alisifiwa hadi mstarini. Siku zikaongezeka. Alikuwa mpole, wa kwanza kuchota maji, wa kwanza kuamka. Makande yake aliyagawa kwa watu, akakaa akitutazama tunavyokula. Alijua nimekula maharage mangapi. Si kwamba alikisia; aliyahesabu kwenye sahani yangu huku akizungumza mambo mengine. Nyumbani walimletea karanga, asali na michembe, akaviweka kwenye tranka akavipanga upya kila jioni, vyote, bila kuonja. Aliyekuwa na madaraka juu yetu akamwita, akamuuliza anamringia nani, kisha akamrudisha kwao na barua yenye neno utovu wa nidhamu. Yuko hai. Habari zake nyingine ni zake.

Hadithi hiyo ninataka kuisoma imeandikwa na mmoja wetu. Nataka tranka liwemo, na vitu vilivyopangwa, na yale maharage. Nataka barua ile iwemo, na aliyeiandika asiwe mkatili wa sinema. Awe mtu aliyechoka, mwenye wasichana 300 na gunia zinazopungua, anayeamini kwamba chakula kipo na kwa hiyo hakuna swali. Hapo nesi hatahitajika kutoa hotuba.

Kwa wale wanaouliza Nyasha alikwenda wapi, maana Nervous Conditions inamwacha kliniki na Tambu anaogopa kwa ajili yake: Dangarembga alimrudisha mwaka 2018, katika This Mournable Body. Yuko Harare, mtu mzima, ana mume Mjerumani, ana watoto, bado anabishana na dunia. Anayelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili safari hii ni Tambu, yule wa kitanda cha jirani.